Pikapu Inayonuka Mbuta

Starta ililia mara tatu kabla Lornah Amolo hajaona chochote.

Ng'ii-ng'ii-ng'ii. Injini ikashika, ikanguruma kwa muda wa pumzi tano, ikazima. Kimya. Kisha tena ng'ii-ng'ii-ng'ii, ngurumo, pumzi tano, kimya.

Hapo ndipo gazeti la wiki jana lilipotukatia hadithi hii: mwanamke mmoja mbele ya lango la mabati huko Obunga, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumamosi, ilhali ameambiwa aje saa tatu. Nyuma ya lango kuna pikapu ya kijani ya dizeli. Kiunoni mwake, ndani ya leso iliyopigwa mafundo mawili, kuna fedha alizoziweka kwa miaka minne. Na kule Usenge, katika banda lenye paa bovu, kuna gunia ishirini za omena kavu, dagaa wa ziwani, ambazo mnunuzi wa Kisumu anazitaka Jumatatu asubuhi. Asipoziona, atanunua kwa mwingine. Na mvua imeshaanza kunyesha ziwani.

Lornah aliondoa mkono kwenye komeo. Akatega sikio.

"Imekufa tena," ilisema sauti ya Dalmas, dalali aliyemwapia Lornah kwamba gari ni lake mwenyewe na limelala kwake tangu likiwa jipya.

"Tusukume," sauti ya pili ikajibu. "Baridi ndiyo inaiua. Ringi zimekwisha. Lakini ikishapata moto haiaibishi mtu. Saa tatu itakuwa inaimba."

Lornah aliuma mdomo. Hiyo ilikuwa sauti ya Wepukhulu, fundi ambaye Lornah alimtoa Nyalenda kwa hela yake mwenyewe ili aje kumkagulia gari.

"Na ile kelele ya nyuma?"

Hiyo ilikuwa sauti ya tatu, na ilikuwa imekohoa kwanza. Kikohozi kifupi, kikavu, kama mtu anayegonga meza kabla ya kutoa hukumu. Lornah alikijua kikohozi hicho kama alivyojua mlango wa nyumba yake. Enos Obiero. Mwenye lori. Mtu ambaye kwa miaka minne amebeba gunia zake kutoka Usenge kwa bei anayotaka, siku anayotaka, na mwaka jana akaziacha zinyeshewe Bondo kwa sababu Lornah aliuliza mbona bei imepanda.

"Kelele ya nyuma nimeinyamazisha, jaduong'," Wepukhulu alisema, akimwita mzee kwa Kijaluo. "Hata wewe hutaisikia."

"Vizuri. Akishainunua hii, itamfia Ndori kabla hajafika Usenge. Ataniita mwenyewe. Na nitakuja, mimi si mtu mbaya." Akakohoa. "Nitakuja kwa bei yangu."

Wanaume watatu wakacheka. Matairi yakaanza kuviringika taratibu juu ya changarawe.

Damu ilimpanda Lornah hadi kwenye masikio. Mguu wake wa kulia ulitaka kulipiga lango lile teke. Kisha injini ikashika tena, pumzi tano, ikazima, na mguu ukasita.

Kwa sababu Lornah alizaliwa pembeni ya kisiagi.

Marehemu baba yake alikuwa na kisiagi cha dizeli, mashine ya kusaga unga, pale Usenge, na kabla binti huyo hajaujua mguu wake wa kushoto na wa kulia alikuwa anaujua mlio wa dizeli yenye afya na mlio wa dizeli inayougua. Injini ambayo ringi zimekwisha haishiki hivyo. Hujikokota, hutoa moshi wa bluu, hulalamika. Hii ilikuwa inashika safi, inanguruma kwa nguvu zote, halafu inakatika kama mtu aliyekabwa koo. Mara ngapi baba yake alimwita ashike taa huku akikaza nati moja ndogo ya paipu? Hewa inaingia usiku, dizeli inarudi kwenye tangi, asubuhi injini inaamka na njaa.

Nati moja. Wanaume watatu walikuwa wanamuuzia maiti, na maiti mwenyewe mzima.

Lornah aligeuka akaondoka akinyata.

* * *

Hatua chache kutoka langoni, mwanamke aliyeitwa Seline alikuwa ameshawasha moto. Kama wanawake wengi wa mtaa ule, alikuwa akikaanga mgongo wazi, yale mafupa ya mbuta ambayo viwanda vya samaki huyatupa baada ya kuchukua minofu. Moshi ulikuwa mzito, na harufu ya mafuta ya mbuta ilikuwa imelala juu ya mabati, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye nywele za watoto.

"Kaa hapa, nyar Usenge," Seline alisema, akimwita binti wa Usenge, maana alimsikia akisalimu kwa lafudhi ya watu wa pwani ile ya ziwa. "Umetoka mbali kuja kukodolea lango."

"Nangoja saa tatu."

"Kwa hao?" Seline aligeuza mafupa kwa kijiko kirefu. "Jana wamechukua mkebe mzima wa mafuta yangu. Hawakunipunja, walilipa. Sijui wana sherehe gani wanaume bila wake."

Lornah alikunywa chai aliyomiminiwa. Hakuuliza zaidi. Laiti angeuliza, angejiokolea nusu ya aibu iliyokuwa inamngojea.

Saa tatu kamili alibisha hodi. Dalmas alifungua akiwa na tabasamu na shati jeupe. Enos hakuonekana. Pikapu ilikuwa katikati ya uwanja, injini inanguruma, boneti inatoa mvuke.

"Madam, umeona? Nimekuwashia usipoteze muda."

Lornah aliweka kiganja juu ya boneti. "Imeamka mapema."

"Hii huamka hata kabla ya kuguswa."

"Na wewe fundi," alimgeukia Wepukhulu, "umeikagua?"

Wepukhulu alikuwa mtu mnene mwenye macho ya upole, na macho hayo yalikwenda kwenye viatu vyake. "Nimeikagua yote, mama. Hii ni chuma. Lipa uende."

"Nitaiendesha kwanza."

Dalmas alicheka. "Wewe?"

Lornah alitoa leseni ndani ya pochi. Ilikuwa na wiki tatu. Siku ya mtihani, ofisa wa polisi alikuwa amemsukumisha vigari vya kuchezea juu ya ubao wenye barabara zilizochorwa hadi akachoka yeye, si Lornah.

"Hizo za ubaoni," Dalmas alisema, "hazina klachi."

"Ingia uone kama hii inayo."

Waliingia watatu kwenye kiti kimoja, dalali katikati, fundi mlangoni. Lornah alitia gia, gari likaruka kama mbuzi, likatulia, likatoka.

"Zunguka tu hapa Kondele," Dalmas alisema.

"Tunaenda Riat."

"Riat ni mlima, madam."

"Kwani utanichimbia barabara tambarare mpaka Usenge?"

Walipanda. Injini ilivuta bila kusita, na kadiri walivyopanda ndivyo kifua cha Lornah kilivyojaa. Akawatazama wale wawili kwa pembe ya jicho na kuwahurumia. Bei waliyokubaliana ilikuwa elfu sabini, na hata kwa elfu sabini aliona anawaibia. Alijiona tayari mbele ya banda lake, gunia ishirini zikipanda moja moja, na Enos Obiero akipita na lori tupu.

Akiwa kileleni alisimamisha gari kando, akashusha kioo ili apate upepo.

Upepo ulikuwa safi, wa nyasi na mawe yenye umande. Hakukuwa na nyumba karibu. Hakukuwa na moshi.

Lakini kulikuwa na harufu ya mbuta anayekaangwa.

Lornah alivuta pua. "Nani anakaanga samaki Riat?"

"Ni nguo zetu," Dalmas alijibu upesi. "Obunga inaingia mpaka kwenye soksi."

"Nguo zako zilikuwa hazinuki hivi tulipotoka."

"Zimepata joto."

Wepukhulu alitazama nje ya dirisha, jasho likimtiririka nyuma ya sikio.

Lornah alishuka. Harufu ilizidi kila alipokaribia nyuma ya gari. Akapiga magoti barabarani na gauni lake zuri, akachungulia chini. Pale katikati ya magurudumu ya nyuma, kwenye lile bonge la chuma ambalo mafundi huliita difu, ambamo gia huzungusha magurudumu, tone la mafuta ya kahawia lilikuwa linaning'inia. Alilipokea kwa kidole. Akalisugua. Lilikuwa la moto, na ndani yake mlikuwa na punje za unga wa mbao.

Alilinusa, ingawa hakuhitaji.

Mkebe mzima wa mafuta ya Seline. Sherehe ya wanaume bila wake. Kelele ya nyuma iliyonyamazishwa kwa mafuta na unga wa mbao.

Kwa mtu wa Obunga ilikuwa hila kamili, kwa kuwa mtaa mzima unanuka mbuta na hakuna pua inayoshtuka tena. Kosa lao lilikuwa moja. Hawakufikiria kwamba mnunuzi angewapeleka mahali ambapo hakuna anayekaanga.

Lakini Lornah hakucheka. Alidhani anawaibia, kumbe walikuwa wamemwekea mtego wa pili nyuma ya ule wa kwanza, na amekanyaga akiwa anatabasamu. Injini ilikuwa nzima, ndiyo. Difu ilikuwa imeoza meno. Injini nzima bila difu ni kelele tu.

Alisimama, akapangusa magoti.

"Turudi kwa mwenye gari."

"Mwenye gari ni mimi," Dalmas alisema.

"Mwenye gari hukohoa kabla ya kusema."

Akageuza gari, akateremka nalo mpaka Obunga.

* * *

Alisimamisha pikapu nje ya lango, mbele ya jiko la Seline, akalala juu ya honi. Wanawake wakaacha mafupa yao. Honi ililia mpaka lango likafunguka, na Enos Obiero akatoka, mrefu, kofia ya kaki kichwani, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

Alikohoa.

"Mama Amolo. Unanipigia kelele nyumbani kwa watu?"

"Nyumbani kwako." Lornah akazima injini, akashuka. "Fundi, lete spana, fungua difu."

"Hiyo si lazima," Wepukhulu alisema.

"Nilikulipa uikague. Leo utanifanyia kazi yangu hata kama ulishauza macho."

Wepukhulu alimtazama Enos. Umati ulikuwa umeshakua, na fundi anayekataa kufungua nati mbele ya umati amejishtaki mwenyewe. Akaingia chini ya gari na karai. Nati ilipolegea, rojo la kahawia likabubujika, moto, zito, likitoa mvuke na harufu ya kaanga.

Seline alisogea na kijiko chake. Akainama, akanusa.

"Haki ya Mungu," alisema polepole. "Haya ni yangu. Mnapikia gari?"

Kicheko kiliruka kutoka jiko hadi jiko. Mama mmoja akauliza kama gari limeiva au liongezewe chumvi. Mwingine akasema alete ugali. Dalmas alikuwa anapangusa shati lake jeupe mahali ambapo halikuwa na doa.

Enos peke yake hakucheka wala hakukasirika. Alimngoja kila mtu amalize.

"Sawa," alisema. "Umeona difu. Na injini nayo imekufa, nakwambia bure, hata fundi wako anajua. Basi acha gari, shika fedha zako, rudi Usenge. Lakini ujue, nyar Usenge, kwamba kila mwenye gari kwenye barabara ya Bondo anakunywa chai na mimi. Hakuna atakayekubebea hata dagaa wa mfukoni. Gunia zako zitaota ukungu ukizitazama."

"Elfu thelathini," Lornah alisema.

"Nini?"

"Difu imekufa, injini imekufa, umesema mwenyewe mbele ya watu. Chuma chakavu nakipa elfu thelathini. Na mafuta ya gia mapya, ya dukani, Dalmas anunue kwa mfuko wake."

"Madam," Dalmas alianza.

"Nyamaza," Enos alisema. Akamtazama Lornah kwa muda mrefu, na kitu kama furaha kikapita usoni mwake. "Chukua."

Alikubali upesi mno. Lornah aliliona hilo, msomaji, na alilipita, kwa sababu mtu akiwa na njaa ya ushindi hatazami sahani vizuri.

Logibuku, hati ya umiliki wa gari, ililetwa. Kweli ilikuwa na jina la Enos Obiero. Akatia sahihi fomu ya kuhamisha umiliki juu ya boneti, Seline akaweka jina lake kama shahidi kwa herufi kubwa zilizonyooka. Dalmas alitumwa Kondele akarudi na kopo la mafuta ya gia, uso umekunjamana. Wepukhulu akajaza difu, akafunga nati. Yote hayo yalikula muda, na injini ikapoa.

"Haya," Enos alisema, akikunja mikono. "Washa tukuone."

Lornah aliwasha. Ng'ii-ng'ii-ng'ii. Ngurumo. Pumzi tano. Kimya.

Dalmas aligeuka kuficha meno. "Tusukume, madam? Shilingi hamsini tu."

Lornah alishuka bila haraka. Akafungua boneti. Akanyoosha mkono kwa Wepukhulu, na fundi akampa spana kabla hajajua amempa. Alipapasa paipu kutoka upande wa tangi mpaka akapata nati iliyolowa dizeli. Akaikaza robo mzunguko, kisha robo nyingine. Akapampu dizeli kwa mkono mpaka pampu ikawa ngumu.

"Wewe ni fundi wa petroli," alimwambia Wepukhulu, bila hasira. "Ungesema tu."

Akawasha.

Injini ilishika mara moja, na ilinguruma pumzi tano, na kumi, na hamsini. Mtaa mzima ukanyamaza kuisikiliza. Lornah alisogeza gari hatua chache, na sasa, bila mafuta ya mbuta kinywani, difu ikalia waziwazi, mlio mrefu wa chuma kinachosaga chuma.

"Inalia," Dalmas alisema, akishika kijiti cha mwisho.

"Na ilie. Mimi nataka gari linaloniambia linapoumia."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wepukhulu akainamisha kichwa. Hapo ndipo ilipasa hadithi iishe, na mwanamke aende nyumbani.

Lakini Enos Obiero alikuwa anatabasamu.

Alitembea mpaka dirishani, akaweka mikono miwili juu ya mlango. Alikohoa.

"Hongera. Sasa una gari, nyar Usenge." Akashusha sauti, lakini si sana. "Utabeba nini?"

Lornah alipunguza ngurumo ya injini ili amsikie vizuri.

"Hukujiuliza lori langu liko wapi asubuhi yote? Liliondoka Kisumu alfajiri. Nilimwambia dereva amwambie yule msichana wako wa banda, Metrine, kwamba umenituma nichukue mzigo wote. Kwa nini akatae? Ni lori lile lile la miaka minne. Sasa ni saa tano na nusu. Gunia ishirini zimeshapanda." Akapiga mlango makofi mawili, kwa upole. "Mnunuzi wako atapata omena yake Jumatatu. Kutoka kwangu. Na wewe utanipigia honi vizuri."

Dalmas alilipuka kicheko. Vigelegele vya wanawake vikafa kimoja kimoja.

Kumbe gari halikuwa mtego. Gari lilikuwa chambo. Asubuhi yote, chai, Riat, karai, logibuku, kila kitu kilikuwa cha kumweka Lornah Amolo mjini huku Usenge ikiporwa mchana kweupe na kwa adabu zote.

Lornah alishika usukani kwa mikono miwili. Kisha akahesabu, si fedha, bali njia. Kutoka Usenge mpaka Ndori lori lile lina barabara moja tu ya kupita. Lori limepakia, linakwenda kwa mwendo wa ng'ombe. Yeye ni mwepesi. Difu yake inaweza kuvunjika meno Kisian, au Maseno, au mlangoni pa adui. Au isivunjike.

"Fundi," alisema.

Wepukhulu aliinua kichwa.

"Panda nyuma na spana zako zote. Hujamaliza kazi niliyokulipa."

Wepukhulu alimtazama Enos, kisha akatazama karai la mafuta ya mbuta miguuni pake, kisha akapanda. Pikapu ikainama kwa uzito wake.

"Omera, ndugu yangu, shuka," Enos alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakukohoa kwanza.

Wepukhulu alikaa.

Lornah alitia gia. Difu ikapiga yowe. Akatoa kichwa dirishani, akazungumza na Enos Obiero peke yake, kwa sauti ambayo Seline na majiko yote ya Obunga waliisikia.

"Jaduong', nisikilize, usije ukasema hukuambiwa. Leo, kabla jua halijaingia ziwani, gunia zangu ishirini zitakuwa nyuma ya gari hili hapa. Na atakayezishusha kutoka kwenye lori lako, moja baada ya nyingine, kwa mikono yake mwenyewe, ni dereva wako. Mbele ya lango hili nakuahidi."